Nyufa Thelathini na Moja

Mhesabu nyufa, mvua humkuta nje.

Mmeisikia asubuhi hii, wajukuu zangu, pale Bi Mwamini jirani yetu alipomrushia baba yenu mdogo akiwa anakunywa chai yake. Naye akacheka kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Mwaka wa tatu huu anaizunguka nyumba ile ile, anaitazama juu, anaitazama chini, anarudi kutuambia, "Nangoja bei ishuke." Nyinyi mkanijia mbio: Bibi, nyufa gani? Bibi, mvua gani? Na mmoja wenu, simtaji jina, akajibu kwa niaba yangu kwamba ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Siyo. Ile ni ya mvivu. Hii ni ya mwenye wivu, na wivu hauna uvivu hata kidogo, unaamka kabla ya jogoo.

Lakini kabla sijaanza, kitendawili.

Haya, mmeitikia vizuri. Mwenzangu anakula, anayevimbiwa ni mimi.

Mimba? Siyo. Kupe? Kupe anakula mwenyewe na anavimba mwenyewe, ana haki yake yule. Msinipe mji, leo siutaki mji wenu. Jibu limo humu humu ndani ya hadithi, atakayeliona alishike.

Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Ujiji, kwenye ukuta wa nyumba moja.

Wakati huo barabara yetu ilikuwa na nyumba za udongo zenye mapaa ya nyasi, na nyumba moja tu ya bati. Hiyo ilikuwa ya Mzee Songoro, seremala. Alifyatua matofali mabichi kwa mikono yake, akajenga, akatia mlango wa mninga ambao ukiubisha unaitika kama mtu mzima. Ilikuwa na vyumba vinne, ukumbi katikati na ua kwa nyuma. Mzee alilala chumba kimoja, kingine akaweka mbao zake, na viwili akawapangisha mke na mume. Mume ni Ramazani, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hata msumari alikuwa anaugonga kama anauomba radhi. Mke ni Mauwa, muuza mawese.

Mauwa huyo ni mama yangu mzazi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Bibi anasengenya. Mimi nilikuwa mgongoni, sikuona kitu ila khanga. Niliyonayo nimeyapata kwake mwenyewe alipokuwa mzee, na mengine kwa shangazi yangu, na kila mmoja alikuwa anaparuka haraka pale panapomuuma, hata nikalazimika kuyashona.

Shangazi huyo ni Feza, dada yake baba yangu, wifi yake mama. Alikuwa ameachika, amepanga chumba kimoja ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa Mzee Songoro. Asubuhi alichoma vitumbua, mchana alishona. Na huko kushona ndiko kulikoleta maneno.

Mwaka mmoja kabla, mfanyabiashara fulani alikuwa anahama mji, akatoa vitu vyake nje aviuze. Feza alikuwa anapita na beseni la vitumbua kichwani. Akaona cherehani ya mkono, nzima, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni. Akauliza bei, akaambiwa. Akatua beseni, akatoa hela, akabeba. Ameipata kwa nusu ya bei ya dukani! Mtaa mzima wiki nzima hauna habari nyingine. Bombani, sokoni, msibani, kila mtu: "Feza ana jicho la bei."

Neno hilo lilimkwama mama yangu kama mwiba wa samaki, halitemeki wala halimezeki. Yeye ndiye mfanyabiashara wa barabara ile. Yeye ndiye aliyekuwa akinunua mawese vijijini na kuyauza kwa madebe. Leo jicho la bei awe nalo mchoma vitumbua? "Hata mimi ningepita njia ile siku ile," alikuwa akisema, "ningeinunua." Akasema mara ya kwanza, watu wakakubali. Akasema mara ya kumi, watu wakaanza kutazamana.

Mlio wa cherehani ya mkono mnaujua? Trrrr, inanyamaza, trrrr. Kila ikilia ng'ambo ya barabara, mama anasimamisha anachokifanya. Akiwa anapepeta mchele, ungo unakaa hewani. Baba alimwambia siku moja, "Mama Sikudhani, mashine ile inashona nguo za watu, haikushoni wewe." Hakula chakula cha moto siku hiyo.

Basi. Ukafika mwezi wa kumi, jua limekausha kila kitu, na Mzee Songoro akatangaza kwamba anauza nyumba. Binti yake wa Tabora alikuwa amemtaka akakae naye, kwa kuwa macho yalikuwa yanamfifia na seremala asiyeona anajipunguza vidole. Alitaka aondoke kabla mvua haijashika.

Na hapa muelewe desturi ya wakati ule. Mwenye nyumba hakutoka tu barabarani kutafuta mnunuzi akawaacha waliolala chini ya paa lake. Mpangaji aliulizwa kwanza. Aliulizwa Ijumaa tatu, baada ya swala, mwenye nyumba amesimama ndani na mpangaji amesimama nje, kizingiti kati yao, na jirani mmoja au wawili wakisikia. Na bei ya kizingitini ilikuwa inaweza kulegezwa kidogo kwa sababu ya ujirani. Akikubali, mkono unapita juu ya kizingiti, kwisha. Akiulizwa mara tatu asikubali, kizingiti kimemaliza kazi yake, na mwenye nyumba yuko huru kumuuzia amtakaye kwa bei ya barabarani.

Mama na baba walikuwa na hela ya kutosha. Niseme hivyo wazi, msije mkamhurumia mahali pasipo na huruma. Miaka kumi na moja ya mawese na baiskeli ilikuwa imekaa ndani ya debe chini ya kitanda. Na nyumba waliitaka. Mama alikuwa amewazaa watoto watatu ndani yake, anajua ubao gani wa dirisha unalia upepo ukija. Usiku ule wa habari ile hawakulala, walipanga tu: hiki kitakuwa chumba cha wasichana, pale uani tutapanda mpapai.

Asubuhi mama akaenda bombani na ndoo yake. Feza alikuwepo. Akamwambia kwa furaha ya kweli, "Wifi, nimesikia! Nunueni upesi. Nyumba ile ni nzuri, na bei yake ni ya haki. Elfu tatu kwa bati lile!"

Bei yake ni ya haki. Nani kamwambia aseme hivyo? Njiani mama alirudi na ndoo kichwani na neno hilo ndani ya ndoo. Mwenye jicho la bei amepata cherehani kwa nusu, halafu mimi ninunue nyumba kwa bei ya haki? Watasemaje? Watasema, Feza alipata kwa nusu, Mauwa akapigwa bei nzima. Akafika nyumbani akatua ndoo, akautazama ukuta wa mbele. Na ukutani pale akaona ufa.

Sasa, mama yangu alikuwa bingwa wa kusiriba mji mzima. Mnajua kusiriba: udongo laini na majivu na kinyesi cha ng'ombe kidogo, unapaka ukuta kwa kiganja mpaka unakuwa kama shavu la mtoto. Kila mwaka kabla ya mvua ilikuwa ni kazi ya mpangaji kuisiriba nyumba anayokaa. Kiangazi kinapasua siribo la mwaka jana, unapaka jipya, ndiyo kawaida. Kila anayesiriba anajua kwamba kuna ufa wa ngozi na ufa wa mfupa. Ufa wa ngozi umeishia kwenye siribo. Ufa wa mfupa umeingia kwenye tofali, huo ndio unaoangusha nyumba. Namna ya kujua ni rahisi, unachukua njiti ya ufagio unaitia.

Mama hakuchukua njiti. Alichukua mkaa. Akauwekea ufa ule alama nyeusi. Akaenda ubavuni, akaona mwingine, akautia alama. Siku ile alipata kumi na mmoja. Baba aliporudi akauliza, "Hii ni nini?"

"Ni bei inayoshuka," akasema mama.

Ijumaa ya kwanza Mzee Songoro akasimama ndani, mama nje. "Mwanangu Mauwa, nyumba hii naiuza. Nakuuliza wewe uliyelala humu kwanza."

"Mzee wangu, shikamoo. Nyumba ina nyufa kumi na moja."

Mzee akafikicha macho yake. "Marahaba. Ina miaka kumi na tisa pia. Nimeuliza."

"Nitafikiri."

Ijumaa ya pili nyufa zilikuwa kumi na tisa. Mwezi ulikuwa unakwisha, na nyumba zote za barabara ile zilikuwa zimeshasiribwa, ila ile. Mama hakugusa udongo. Kusiriba ni kuziba, na akiziba atahesabu nini? Kila apitaye alionyeshwa. Wanawake wakaanza kumtania. "Mama Sikudhani, serikali imekuajiri ukague majumba?" Mwingine, yule Bi Tausi mwenye mdomo, akatoa mguu wake: "Njoo unihesabie na kisigino changu, huenda nacho kikashuka bei!" Mama akacheka nao, lakini mkaa hakuuweka chini.

Mzee akauliza mara ya pili, na akaongeza, "Kwa ajili ya ujirani wetu, toa elfu mbili na mia nane."

Baba alikuwa amesimama nyuma ya mama. Akamgusa bega. "Mke wangu, sema ndiyo. Imeshuka."

Hapo ndipo angeokoka. Mimi kila nikifika hapa, mpaka leo, natamani kumsukuma. Lakini ile iliyoshuka haikumtuliza, ilimwasha. Alifikiri, kama mkaa wa siku kumi na nne umeshusha mia mbili, mkaa wa siku saba zaidi utashusha ngapi? Na nusu iko wapi? Nusu kama ya cherehani? Ng'ambo ya barabara ikalia: trrrr.

"Nitafikiri," akasema.

Ijumaa ya tatu zilikuwa thelathini na moja. Ukuta ulikuwa kama umeugua ndui. Mzee Songoro akauliza swali lake la mwisho, sauti yake ndogo, kwa kuwa nadhani alikuwa ameumia. Ukuta ule ni mwili wake.

Mama akasema, "Thelathini na moja, mzee wangu. Nipe kwa nusu."

"Nusu," mzee akasema.

"Nusu. Nani mwingine atainunua na madoa haya?"

Mzee akainama, akakigusa kizingiti kwa kiganja, akainuka. "Mashahidi mmesikia. Kizingiti kimeuliza mara tatu. Mwanangu, kuanzia leo nyumba ipo barabarani, na bei ya barabarani ni elfu tatu." Akaingia ndani.

Mnadhani mama alijuta? Hata. Alimwambia baba, "Mwache. Atazunguka mji mzima, kila mtu ataona mkaa, Ijumaa ijayo atarudi kuniomba mimi." Baba akaenda kuziba pancha. Alipokuwa na hasira alikuwa anaziba pancha.

Jioni ile Feza akavuka barabara. Hakuingia, alisimama kwenye baraza. "Wifi, nikuulize, na unijibu kwa Mungu wako. Nyumba hii huitaki kweli?"

Mama yangu aliniambia jambo hili mara moja tu maishani mwake, akiwa anatazama kwingine. Alisema, nilipomwona amesimama pale, nikajua anaitaka. Na mara nikaitaka nyumba ile kuliko nilivyowahi kuitaka miaka yote kumi na moja. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Gofu hili?" akamjibu. "Nyufa thelathini na moja! Ukitaka kufukiwa, wifi yangu, nunua. Sanda nitakushonea mimi, ukiniazima cherehani."

Feza hakucheka. Alitazama ukuta. Akachomoa njiti moja kwenye ufagio uliokuwa mlangoni, akaitia kwenye alama ya kwanza ya mkaa. Njiti ikaingia kiasi cha ukucha, ikakwama. Akaenda ya pili. Ukucha. Ya tatu, ukucha. Akairudisha njiti kwenye ufagio, mahali pake, akasema, "Asante, wifi. Ulale salama." Akavuka.

Mama aliona yote. Alijua ile njiti inasema nini, nani ajue kuliko yeye? Lakini akajipa moyo kwamba Feza hana elfu tatu. Na kweli, hakuwa nazo. Alikuwa na pungufu.

Siku tatu baadaye zikaja habari ambazo mama alikuwa akiziota. Bi Tausi alikuja mbio, khanga inaburura. "Umesikia? Feza anauza cherehani!"

"Anauza?"

"Anauza! Sijui kapatwa na nini. Anataka mia nne, na fundi wa sokoni ameshatoa mia tatu na hamsini."

Ewe wivu! Huulizi kwa nini. Mtu mwenye akili timamu angeuliza, mwenye mashine inayomlisha kila siku anaiuza kwa sababu gani? Mama hakuuliza. Aliona jambo moja tu: Feza ameanguka, na kile kilichomkwama kooni mwaka mzima sasa kinaweza kuwekwa juu ya baraza lake, watu wakione. Akaingia chumbani, akavuta debe. Baba alikuwa kibandani kwake. Hakumwita. Akatoa mia nne na hamsini, ili fundi wa sokoni asipate hata nafasi ya kufikiri, akamchukua Bi Tausi, wakavuka pamoja kuibeba.

Feza alipopokea alisema tu, "Wifi umenizidishia."

"Zikusaidie," akasema mama. "Mtu akianguka, husaidiwa."

Basi tangu siku ile mama alikaa kwenye baraza la Mzee Songoro, cherehani mbele yake, anazungusha mkono. Kushona hakujua. Alikuwa akishona kipande kile kile cha kitambaa, anafumua, anashona. Alitaka mlio tu. Trrrr, uvuke barabara uende ng'ambo ukamwambie mwenyewe.

Ijumaa ikaja. Mama yupo barazani na cherehani, watu wanatoka msikitini. Feza akavuka barabara amevaa nguo yake ya Idi, mkononi kifurushi. Mzee Songoro akasimama ndani ya mlango, Feza akasimama nje. Kizingiti kati yao.

"Nimeleta," akasema Feza.

"Zote?"

"Zote, mzee wangu. Elfu tatu. Sikuomba kupunguziwa."

Mkono ukapita juu ya kizingiti. Mama aliuona unapita, hatua mbili kutoka alipokaa. Cherehani ikanyamaza. Akasimama na mimi mgongoni.

"Wewe! Elfu tatu umezitoa wapi wewe? Vitumbua vimeanza kuuzwa kwa dhahabu?"

Feza akamgeukia. Shangazi yangu aliapa kwangu kwamba hakusema kwa kumkomoa. Mama aliapa kwamba ilikuwa ni kwa kumkomoa kabisa. Maneno yenyewe hawakuhitilafiana. Alisema, "Mia nne na hamsini za mwisho, wifi, umenipa wewe."

Nilikuwa mgongoni, sikuona. Lakini nasikia waliokuwa barabarani walisogea karibu. Na Bi Tausi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alijiziba mdomo kwa khanga.

Halafu Feza akasema jambo jingine, taratibu. "Vyumba vyenu ni vile vile. Kodi ni ile ile. Huyu ni kaka yangu, na nyinyi ni watu wangu. Hakuna anayehama."

Mngefanyaje nyinyi? Mtu mwingine angemeza mate akaendelea. Mama alisema, "Mimi? Nilipe kodi kwako?" Akaingia ndani akaanza kutoa vitu. Baba alimsihi. Aliuliza, tutakwenda wapi? Akajibiwa, kuna chumba kwa Mama Kashindi mtaa wa chini. Baba akakimbia kwenda kukiuliza chumba hicho, na wakati anakwenda mama akaendelea kutoa: kitanda, masufuria, madebe, magodoro, watoto wawili wakubwa wakalia kwenye kizingiti. Cherehani ikawekwa juu ya rundo, kileleni kabisa, kama bendera.

Mnakumbuka nilisema mzee alitaka aondoke kabla ya mvua? Mvua haikumngoja yeye wala mama. Ilianza kwa upepo wenye vumbi. Halafu tone moja juu ya bati, ta! Halafu bati lote likapiga kelele.

Baba akarudi amelowa: chumba cha Mama Kashindi kilishapata mtu tangu jana. Akawachukua watoto wakubwa, akaingia nao ndani ya nyumba ile ile, sasa ni ya dada yake, bila kuuliza mtu. Mama hakuingia. Alivua khanga ya juu, badala ya kunifunika mimi akaifunika cherehani. Hilo ndilo lililomliza siku aliyonisimulia. Mengine yote alisimulia macho makavu.

Akasimama barabarani kwenye mvua, mbele ya ule ukuta. Na maji yakaanza kutelemka ukutani, na mkaa nao ukatelemka, mistari myeusi mpaka chini, ufa baada ya ufa ukipoteza alama yake. Nyumba ikasimama pale pale, haikutikisika. Anayetetemeka ni yeye.

Mlango wa mninga ukafunguka. Mzee Songoro alikuwa ndani ukumbini, mzigo wake umefungwa tayari kwa safari ya Tabora. Akatoka mpaka kizingitini, akaikodolea mvua akimtafuta kwa macho yake mabovu. Akasema kwa sauti ya huzuni, wala hakuwa akimcheka:

"Ah, mwanangu. Mhesabu nyufa, mvua humkuta nje."

Feza akampita mzee pale mlangoni, akaingia kwenye mvua na nguo yake ya Idi. Hakumshika mama. Alinifungua mimi mgongoni kwake, akanichukua, akaingia nami ndani. Basi mama alikuwa na njia gani tena? Mguu wa mama hufuata alipo mwana. Akavuka kizingiti.

Mvua ilipopumzika, siku ya tatu au ya nne, mama aliamka mapema bila kuambiwa. Akachimba udongo, akapepeta majivu, akachanganya. Akausiriba ukuta wa mbele, akaja ubavuni, akamaliza nyuma. Na mnajua ulichukua udongo kiasi gani kuziba nyufa zote zile? Karai moja. Na udongo ukabaki kidogo. Alikaa chini pale na mikono ya tope, akalitazama lile karai, akaanza kucheka peke yake, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Feza akamletea chai, akakaa naye chini. "Wifi," akasema mama, "thelathini na moja. Karai moja." Ikawa ndiyo radhi aliyomwomba, na Feza akaipokea hivyo hivyo, maana wapo watu ambao ukingoja watamke neno lenyewe utazeeka.

Nyumba hakuipata. Miaka yake yote alilipa kodi ndani ya nyumba ambayo kizingiti chake kilimuuliza mara tatu. Na wivu haukufa siku ile, msinione nawapamba. Mpaka uzeeni Feza akibadilisha hata pazia, mama alikuwa anakohoa. Lakini akikohoa, watoto sisi tulikuwa tunaimba toka uani, "Mhesabu nyufaaa!" na yeye anamalizia, "Kelele, nilishalowa." Ndivyo maneno ya Mzee Songoro yalivyotoka nyumba ile, yakaenda bombani, yakaenda sokoni, mpaka leo yakamkuta baba yenu mdogo na kikombe chake cha chai.

Mmoja wenu anakunja uso. Unataka kuuliza, Bibi, ina maana kila nyumba inunuliwe haraka? Sikusema hivyo. Nyufa za mfupa zipo, na bei za wizi zipo, na mtu asiye na hela hana la kuharakia. Chukua njiti, tia. Ikizama, kimbia. Ikikwama kwenye ukucha, na hela unayo, na moyo unaitaka, jiulize sasa unangoja nini. Unangoja bei, au unangoja usikie watu wakisema umemshinda fulani? Baba yenu mdogo ana rafiki aliyenunua kiwanja kwa bei ya kutupa mwaka juzi. Mimi nimenyamaza tu. Nazeeka, siyo kwamba sioni.

Na kitendawili? Mwenzangu anakula, anayevimbiwa ni mimi? Haya, wewe wa nyuma umelipata. Wivu. Nakupa mji, tawala, lakini usiwaonee wenzako.

Sasa ondoeni sahani zenu za mihogo hapo juu. Hapo hapo. Hilo sanduku mnalolifanya meza kila siku, livueni kitambaa, mlifungue. Mnaona? Ndiyo cherehani yenyewe. Ubavu huu una maua ya dhahabu bado. Ubavu ule wa pili una kutu, kwa kuwa khanga haikutosha kufunika yote. Zungusha mkono, taratibu. Haishoni tena, lakini inalia.

Mwacheni baba yenu mdogo aisikie huko aliko. Mhesabu nyufa, mvua humkuta nje.